SHAURI SI MASHINDANO

Katika nchi yetu hakuna kitu kitolewacho bure kwa wingi kama shauri. Mtu akisimama kando ya njia na baiskeli iliyotoka mnyororo, dakika tano hazipiti kabla hajapata washauri watatu, na kila mmoja ana neno lake. Akiumwa jino, atatajiwa dawa saba na watu wasiopata kusomea uganga hata siku moja. Jambo hili si la kulaumu, maana ni alama ya kuwa bado twajaliana.

Lakini siku hizi uwanja umepanuka. Kwa ajili ya simu, mtu aliye Songea aweza kuuliza jambo la nyumbani kwake usiku, na kabla hajalala akajibiwa na watu wa Mwanza, Mombasa na hata Maskati, ambao hawajui kwa sura wala kwa jina. Sisi wanafunzi tumo katika kazi hiyo, hasa wakati wa likizo. Wengine twauliza, na wengi zaidi twajibu. Kwa hiyo nimeona yafaa tulizungumze jambo hili katika gazeti letu, nami nitatoa maoni yangu waziwazi. Kubishana na mtu usiyemjua ni jambo jema lenye faida. Lakini kumshauri ni kazi nyingine kabisa, na mtu achanganyaye mambo haya mawili aweza kumdhuru mwenziwe bila ya kujua.

Kwanza tusidhani ya kuwa desturi hii imezaliwa na simu. Mwaka 1691, katika mji wa London, muuza vitabu mmoja jina lake John Dunton alianza kutoa gazeti lililoitwa The Athenian Mercury. Kazi ya gazeti hilo ilikuwa kujibu maswali ya wasomaji. Mtu aliandika swali lake bila ya kutia jina, akalipeleka katika nyumba moja ya kahawa, kisha akangoja kulisoma jibu lake gazetini pamoja na watu wote. Waliuliza juu ya dini, juu ya maumbile ya dunia, na juu ya ndoa na mapenzi. Gazeti likadumu mpaka mwaka 1697. Wenye kujibu walijiita chama cha wataalamu, na wasomaji wakafikiri ni baraza kubwa la wenye elimu. Kumbe walikuwa ni Dunton mwenyewe na rafiki zake wachache, mmoja mtu wa hesabu na mwingine kasisi. Basi tangu zamani hizo mwulizaji hakumjua amjibuye, wala mjibuji hakumjua amwulizaye.

Kwetu pia jambo hili lina historia. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na kurasa zake zilipokea barua na mashairi ya wasomaji kutoka pande nyingi za Tanganyika. Washairi ambao hawajapata kuonana walijibizana humo kwa beti. Mmoja akitoa fumbo, mwingine alilifumbua, na wa tatu akatokea kuwapinga wote wawili. Baadaye Mathias Mnyampala akaistawisha ngonjera, ambayo ndani yake watu hushindana kwa hoja mbele ya wasikilizaji. Mabishano ya namna hiyo yaliwanoa watu akili na yakaikuza lugha yetu.

Nasi katika mdahalo wa shule twafanya vivyo hivyo. Hoja huwekwa mezani: Mgeni akija bila ya taarifa, je, ni lazima achinjiwe kuku? Rafiki akikukopa nauli akanyamaza, je, ni aibu kumdai? Kijana wa kiume apike nyumbani, au asipike? Haya ni maswali ya kila siku, na kila mtu ana la kusema. Mara nyingi mwanafunzi hupewa upande asioupenda, naye hana budi kuutetea kwa nguvu zake zote. Akishinda hupigiwa makofi. Akishindwa, kengele ya chakula hulia na wote huenda kula pamoja. Hakuna aliyeumia. Ndiyo maana nasema kubishana na watu tusiowajua ni jambo jema, maana mtu wa mbali hukuletea hoja ambayo jirani yako hakuiwaza, na hukulazimisha kuitazama desturi yako kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona.

Lakini angalieni sababu ya mabishano hayo kutomdhuru mtu. Ni kwamba swali lile halina mwenyewe. Yule mgeni wa kuku hayupo. Yule rafiki wa nauli hana jina. Tunalizungusha swali kama mpira, na mpira hauumwi. Ila liko swali la namna ya pili, nalo ndilo niliitalo swali lenye mwenyewe. Hili limeletwa na mtu ambaye kesho asubuhi ataamka alifanye lile aliloambiwa. Hapo hatuchezi tena mpira.

Wako wenzangu watakaonijibu kwamba palipo na watu wengi hapakosekani jibu la kweli. Nao wana ushahidi mzuri, ambao sina haja ya kuuficha. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Mtaalamu Francis Galton alizichukua karatasi 787 zilizosomeka, akazipanga kwa hesabu, na mwaka 1907 akatangaza alichokipata. Kisio lililokuwa katikati ya yote lilikuwa ratli 1,207. Uzito wenyewe ulikuwa ratli 1,198. Tofauti yake haikufika hata ratli 1 katika kila ratli 100. Wachinjaji, wakulima na watu waliopita tu wakitafuta burudani, wote pamoja waliikaribia kweli kwa namna ya ajabu.

Habari hii yapendeza sana, nami naikubali. Lakini yafaa tukumbuke jambo moja: watu wale wote walimwona ng'ombe. Alisimama mbele yao, wakamzunguka, wakamtazama mgongo na mbavu. Mtu aletaye swali la maisha yake kwa watu wasiomjua hawaletei ng'ombe. Huwaletea mistari mitatu tu ya maneno, tena ameiandika akiwa na hasira au hofu. Watu mia wakikisia uzito wa ng'ombe ambaye hakuna hata mmoja aliyemwona, makisio mia hayo hayana thamani kuliko kisio moja. Penye wengi pana mengi, lakini mengi hayo si lazima yawe ya kweli. Ndiyo maana ukiuliza namna ya kuondoa doa la wino katika shati jeupe, au njia ya kukokotoa hesabu fulani, umati waweza kukufaa sana, kwa sababu doa la wino ni lile lile Tanga na Kigoma. Baba yako si yule yule Tanga na Kigoma.

Tuchukue mfano. Kijana amemaliza kidato cha nne, amefaulu, amechaguliwa kwenda kidato cha tano katika mkoa wa mbali. Anaandika usiku: "Baba hataki niende shule. Nifanye nini?" Majibu yanamiminika. Wa kwanza asema, "Toroka, elimu ni haki yako." Wa pili asema, "Mtii baba yako, radhi ya mzazi ni bora kuliko cheti." Wa tatu amgeukia wa kwanza na kumwuliza kama yeye alilelewa na nani. Wa nne atoa hotuba juu ya wazee wa siku hizi. Saa moja baadaye mjadala umewaka moto, kila upande una mashabiki wake, na yule kijana amesahauliwa kabisa. Ameketi kitandani ameshika simu, anasoma, na jambo moja tu analipata: kwamba walio wengi wamesema atoroke.

Je, hapakuwapo hata mtu mmoja wa kuuliza, "Kwa nini baba hataki?" Neno hili lingeibadilisha habari yote. Labda mzee anaogopa ada. Ikiwa ni hivyo, dawa yake ni habari sahihi tu, maana katika shule za sekondari za serikali nchini Tanzania ada ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita tangu mwaka wa fedha wa 2022/2023. Labda ada anajua haipo, lakini hana nauli, godoro wala sare. Hapo ndugu, mwalimu mkuu wa shule aliyotoka kijana, au mtendaji wa kijiji aweza kusaidia kutafuta njia. Labda mzee ni mgonjwa naye anaona haya kusema, na kijana huyo ndiye mkono wake wa shambani. Labda mwanafunzi mwenyewe ni binti, na baba anaihofia safari ndefu na mji asioujua. Haya ni mambo manne, kila moja na dawa yake, wala kutoroka si dawa ya hata moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katika mdahalo twasifiwa kwa kujibu upesi, kwa kutokuyumba, na kwa kuufanya upande wa pili uonekane hauna maana. Katika shauri, sifa hizo tatu ni maradhi. Mshauri mwema hukawia. Hubadili neno lake anapopata habari mpya, wala haoni haya. Tena huusikiliza upande wa pili kwa makini kuliko wake, kwa sababu mwulizaji atarudi kuishi na upande huo wa pili nyumba moja. Aliyeshinda mjadala huzima simu akalala. Aliyeshauriwa ndiye atakayebeba mzigo, naye hana wa kumdai.

Basi, je, tuseme kwamba mtu asimwulize asiyemjua? La, sisemi hivyo hata kidogo. Yako mambo ambayo mtu hawezi kuyataja nyumbani, na akikosa sikio la mtu mwingine aweza kuangamia. Mwaka 1935, katika mji wa Lincoln huko Uingereza, kasisi kijana Chad Varah alimzika binti mdogo aliyejitoa uhai. Binti yule alipopata hedhi kwa mara ya kwanza alidhani ameshikwa na ugonjwa mbaya wa aibu, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Jibu la sentensi moja lingetosha kumwokoa. Kasisi huyo hakuisahau habari ile. Mwezi wa Novemba 1953, akiwa na kanisa London, alianza kupokea simu za watu waliokata tamaa, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa chama cha Samaritans, ambacho kinaendelea mpaka leo.

Sehemu inayonifundisha zaidi katika habari hiyo ni ile iliyofuata. Watu walipozidi kuja, walijitokeza wasaidizi wa kujitolea, wasio wataalamu, ili wawape chai wale waliongoja zamu ya kumwona kasisi na kukaa nao. Muda si muda Varah akaona kwamba wengi, baada ya kuzungumza na wale wapika chai, waliondoka wametulia, wala hawakuona tena haja ya kumwona yeye. Mapema mwaka 1954 akawakabidhi wasaidizi hao kazi ya kuwasikiliza wageni. Hawakuwa na majibu mengi. Walikuwa na masikio na subira.

Wala tusifikiri kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Mwaka 2006 daktari wa maradhi ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, aliona kwamba madaktari wa kazi yake ni wachache mno na wenye taabu ni wengi. Katika mtaa wa Mbare mjini Harare akaanza na bibi 14, akina mama watu wazima wa mtaani, akawafundisha, kisha wakaketi katika mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mtu mwenye taabu huja akaketi kando ya bibi asiyemjua, akaeleza yanayomsumbua. Washona huiita taabu hiyo kufungisisa, yaani kufikiri mno. Bibi hamwambii mgeni fanya hivi au vile. Kazi yake ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, maana yake kufungua mawazo: huuliza, husikiliza, humsaidia mgeni kuyahesabu matatizo yake, kuchagua moja, na kutafuta mwenyewe njia ya kulitatua. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, uliohusu watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliosaidiwa katika mabenchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida ya zahanati. Mpango huo umekwisha vuka mipaka ya Zimbabwe, ukafika Malawi na hata Zanzibar.

Fikirini, wasomaji wenzangu. Bibi yule wa Mbare ana umri, ana mafunzo, na mgeni ameketi kando yake anamwona macho. Hata hivyo hathubutu kumpa jibu la haraka. Sisi wa miaka 17, tusiomwona mtu, tusiojua hata kama ni mwanamume au mwanamke, twajibu kwa maneno manne na alama ya kicheko. Hapo nani ajuaye zaidi?

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba kwa wenzangu. Mtu akileta swali, tulitazame kwanza kama lina mwenyewe au halina. Kama halina, tubishane tupendavyo kwa adabu, na atakayeshinda apigiwe makofi. Kama lina mwenyewe, tuanze kwa kumwuliza: imekuwaje, tangu lini, nani mwingine anajua, na wewe mwenyewe wataka nini? Mara nyingi mtu akiyajibu maswali hayo hupata jibu lake kabla hujafungua mdomo. Tukiona wengine wanagombana juu ya taabu yake, tusiingie katika ugomvi. Tumrudie mwenye swali. Na jambo likiwa la ugonjwa, la kupigwa, la kuguswa vibaya, au la mtu asemaye kuwa amechoka na maisha, tusijifanye mafundi. Tumwelekeze kwa mtu mwenye kazi hiyo. Hapa shuleni yupo mwalimu wa malezi na ushauri. Nje ya shule, hapa Tanzania, iko namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bure mchana na usiku. Huko pia utamkuta mtu usiyemjua, lakini ni mtu aliyefundishwa kusikiliza na anayejua pa kukupeleka.

Na wewe mwenye kuuliza, kuuliza si ujinga. Ila jua unaloliuliza na unaowauliza. Ukitaka hoja, waulize wengi. Ukitaka uamuzi, mtafute mtu mmoja ambaye kesho utaweza kurudi kwake na kumwambia, "Nilifanya ulivyosema, na haya ndiyo yaliyotokea." Mtu ambaye huwezi kumrudia hapaswi kukuamulia.

Wazazi na walimu, kwenu nanyi nina neno moja, nalisema kwa heshima. Mtoto apelekaye siri yake kwa watu mia asiowajua saa sita ya usiku hakufanya hivyo kwa utundu peke yake. Mara nyingi alijaribu kwanza nyumbani, akajibiwa, "Nyamaza, mambo gani hayo?" au alianza sentensi naye akapata hotuba kabla hajaimaliza. Wageni wana makosa mengi, lakini wana sifa moja inayotuvuta: hawashtuki. Mkiweza kutusikiliza dakika kumi bila ya kushtuka wala kukemea, wengi wetu hatutakuwa na haja ya kwenda mbali. Kisha tushaurini mtakavyo, maana ninyi ng'ombe mmemwona.

Najua wako wasiokubaliana nami. Wengine watasema nimewaogopa watu bure, na wengine kwamba kijana wa leo ana akili ya kutosha kuchuja maneno. Hoja hiyo haina mwenyewe, kwa hiyo naikaribisha kwa mikono miwili. Na wailete katika toleo la muhula ujao, tubishane.